Dagaa kwenye Kitanda cha Nne

Mimi ndiye niliyesema, mbele ya watu wa mtaa mzima, kwamba vitanda vya kukaushia tope la kiwanda cha ngozi ni kama uwanja wa kuanikia dagaa tu. Nilisema kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa na mtu, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Naandika haya kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Nilikuwa nimerudi Ujiji baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutangatanga. Nilimaliza kidato cha nne, nikapanda treni, nikasema naenda kutafuta maisha kwa mwaka mmoja. Nilianza kwa kupaka chumvi ngozi mbichi kwenye ghala huko Mwanza, mikono ikachunika. Nikahamia mji mwingine, na mwingine. Kila nilipokaa nilivumilia mpaka siku niliyoamka nikiwa na hamu ya mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma na mawese mekundu juu yake, na badala ya kurudi nyumbani nilihama tena. Sijui kwa nini. Nadhani niliipenda hamu yenyewe kuliko nyumbani.

Katika kiwanda kimoja walinipeleka nyuma kabisa, kwenye mabwawa ya maji machafu, kwa sababu aliyekuwa huko alishindwa harufu. Mimi sikushindwa. Nikajifunza kazi hiyo kwa kuitazama. Nilijifunza kwamba maji ya kunyonyolea manyoya, yenye dawa ya salfaidi, hayachanganywi hata siku moja na maji ya kromu, kwa sababu yakikutana yanatoa hewa inayonuka mayai viza na inayoweza kuua mtu amesimama. Nilijifunza kwamba kromu, ile dawa ya bluu inayoifanya ngozi isioze, haipotei kwa kumwagwa. Unaikusanya kwenye tangi lake, unaitilia chokaa kidogo kidogo ukipima kwa karatasi inayobadilika rangi, mpaka maji yanaganda mawingu ya kijani na mawingu yanazama. Maji ya juu yanaendelea na safari yake kwenye mabwawa yenye matete. Tope la chini linapelekwa kwenye vitanda: mabanda yasiyo na paa, kuta za tofali za kufika magotini, chini kokoto, juu ya kokoto mchanga. Maji yanashuka kwenye mchanga, jua linakausha tope, tope linapasuka vipande kama udongo wa bwawa lililokauka, unalichota kwa koleo na kulifungia kwenye shimo la zege.

Basi niliposikia kwamba pembeni ya Ujiji, juu ya kijito kinachoshuka ziwani, kimejengwa kiwanda kidogo cha ngozi, na kwamba wanatafuta mtu wa maji, nilirudi. Kwa mara ya kwanza nyumbani kulikuwa na kazi niliyoijua.

Nilifikia kwa mama mdogo. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na sikuwahi kumwita mama mdogo, nilimwita mama. Ni Muha aliyeolewa Ujiji kwenye ukoo wa Kimanyema, mjane sasa, na alikuwa akiuza dagaa tangu kabla sijajua kusoma. Kama hujatoka Kigoma huenda hujui kwamba dagaa wana cheo. Wapo wanaoanikwa kwenye mchanga mtupu, wakauzwa na mchanga wao, na mpishi anawaosha maji matatu na bado anasikia meno yakikwaruza. Na wapo wa mama. Yeye alitandika nyavu kuukuu zenye matundu madogo juu ya changarawe aliyoiosha mwenyewe, akaanika juu yake, akawageuza kwa fagio laini la chelewa. Mteja wake hakuwa anachota kiganjani na kuchekecha kwanza kama wanavyofanya wateja wote. Alikuja na mfuko wazi. Hilo ndilo lilikuwa jina la mama, na hakuwa na lingine. Hakuwa na shamba, hakuwa na kibanda cha kupangisha. Alikuwa na watu waliokuja na mfuko wazi.

Lakini nilikuta ziwa limepanda. Ufukwe niliouacha, ule tuliokuwa tukikimbizana juu yake kuanzia kwenye mitumbwi mpaka kwenye nyumba za kwanza, ulikuwa chini ya maji, na vigogo vya miti iliyokufa vimesimama ndani ya ziwa. Mahali pa mama pa kuanikia palikuwa pamezama pia. Alikuwa akianika juu ya bati la jikoni, kidogo kidogo, na wengine wanaooza kabla ya kukauka anawamwaga. Hakulalamika. Aliniambia tu siku ya kwanza, akiwa ananipakulia, kwamba ziwa nalo limekuwa kama mimi, halikai mahali pake.

Mkutano wa mtaa uliitishwa miezi michache baada ya kiwanda kuanza. Watu walikuwa wanasema maji yetu yataua samaki. Mwenye kiwanda, ambaye si mtu wa huku, aliniomba niongee mimi kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Nilifurahi. Nilikuwa nimevaa shati jipya. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa nyuma ya kiwanda, nani alikuwa na haja ya kunisikiliza?

Nilipotamka kwamba sisi tunayatibu maji, mzee mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, "Mnayatibu? Kwani yanaumwa nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaanza kueleza kwa lugha ya jikoni. Chujio letu la mwanzo, nikasema, linashika manyoya na mafuta kama unavyochuja mawese. Chokaa inafanya kazi kama shabu unayotia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, uchafu unakaa chini. Na vile vitanda mnavyoviona kutoka barabarani ni kama uwanja wa kuanikia dagaa tu, maji yanashuka chini, jua linafanya kazi yake juu.

Kila mfano ulipita vizuri. Yule mzee alisema sasa ameelewa. Mwenyekiti wa mtaa akanishukuru kwa kuwa, alisema, wataalamu wengi huja na maneno ya vitabuni, huyu ameongea Kiswahili. Mama alikuwa amekaa upande wa akina mama na nilimwona akimgusa jirani yake begani, kumwonyesha kwamba yule pale ni wake.

Sikusema uongo mkutanoni. Nimelirudia hilo mara nyingi kichwani na bado ni kweli. Ila nilisema vitanda vikoje, sikusema kilichomo.

Wiki ile ile mama akaja kiwandani. Mlinzi alimfungulia kwa heshima, maana alishajua ni nani. Alisimama kwenye ukuta wa vitanda akavitazama kwa jicho la kazi. Vilikuwa vinne. Vitatu vilikuwa na tope la hatua mbalimbali. Cha nne kilikuwa kipya, hakijawahi kutumika, mchanga wake umesawazishwa na umeoshwa na mvua moja tu. Akakiinamia, akashika mchanga, akauachia. Akaniuliza kama hicho kina kazi. Nikamwambia bado.

"Sasa jua lote hili linapotea bure," alisema, "na wewe ulituambia ni uwanja wa dagaa."

Ningeweza kumweleza pale pale. Lakini kitanda kilikuwa kisafi kweli, mchanga umetoka mtoni, na yeye alikuwa anamwaga dagaa kila siku. Nikasema sawa, mama, kwa muda. Kesho yake alileta nyavu zake, akaosha ukuta kwa maji na fagio, akaanika. Nakumbuka nilivyosimama kwenye tangi la kromu nikikoroga chokaa, upande wa pili mama yangu ameinama anageuza dagaa wanaong'aa kama vipande vya bati, nikajiona mtu aliyefanikiwa. Nilimrudishia uwanja uliochukuliwa na ziwa. Nilifikiri hivyo kabisa, kwa maneno hayo hayo.

Akarudi sokoni na mzigo kama zamani. Wateja wakarudi na mifuko wazi.

Kisha ikaja Idd ya kuchinja. Mtu ambaye hajafanya kazi ya ngozi hajui Idd hiyo ina maana gani kwetu. Ndani ya siku tatu zililetwa ngozi za mbuzi na ng'ombe mpaka zikarundikwa nje ya ghala, na kwa kuwa ngozi haingoji, mapipa ya kulainishia ngozi yalizunguka bila kupumzika. Tope likajaa vitanda vitatu kwa wiki moja. Mama alikuwa amekwenda Kasulu kwa ndugu zake kula sikukuu. Msimamizi aliniambia nifungulie kitanda cha nne. Nikafungulia. Sikuwa na sababu ya kukataa, ndicho kilichojengewa kazi hiyo.

Tope lilikauka haraka kwa lile jua. Nililichota lote, nikakwangua mpaka kwenye mchanga, nikatupa na mchanga wa juu uliokuwa na rangi. Halafu nikafanya jambo ambalo sikutumwa na mtu. Nilikwenda kijitoni na toroli, nikaleta mchanga mpya, nikaumwaga juu, unene wa vidole vinne, nikausawazisha kwa ubao. Nilijiambia kwamba nakitengeneza kitanda vizuri. Nilijua namtengenezea nani. Na nilijua pia, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua, kwamba kokoto za chini bado zina ukijani, na kwamba mchanga ukiloa maji ya dagaa na kukauka, ukiloa na kukauka, cha chini kinapanda juu.

Nilikusudia kumwambia siku atakayorudi. Alirudi na ndizi za Kasulu na maharage, na habari za watu niliowasahau, akacheka sana siku hiyo. Asubuhi yake alikuwa ameshafika kiwandani kabla yangu, beseni mbili ziko chini, amesimama anautazama ule mchanga uliosawazishwa kama kitambaa cha mezani.

"Mmenifagilia," alisema.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyepokelewa. Mdomo wangu ulikuwa na maneno mengine. Nilisema, "Ndiyo mama, tumekufagilia."

Akaanika siku hiyo, akaanika wiki hiyo, na zilizofuata.

Mteja wa kwanza kulalamika alikuwa mama mmoja anayeuza chakula Gungu, karibu na kijiwe cha bodaboda. Alikuwa amenunua kwa mama miaka mingi. Alisema ameosha dagaa, na chini ya sufuria kumebaki kitu kama majivu, majivu yenye ukijani. Hakusema kwa ubaya, alisema kama utani: dada, siku hizi unaanika barabarani? Mama akacheka. Wiki iliyofuata akasema mwingine. Sokoni utani ukaanza kuota meno. Wakasema mama ameanza kuuza dagaa wa saruji. Wakasema amezeeka, macho hayaoni mchanga tena, na nyavu zake zimechakaa kama yeye. Waliosema ni wanawake wa meza za jirani, waliokuwa wamengoja muda mrefu kusikia jambo kama hilo, na siwalaumu. Jina zuri la mtu mmoja ni mzigo kwa wote waliokaa naye mstari mmoja.

Mama akaanza kuyashuku macho yake. Hilo ndilo lililokuwa gumu kutazama. Alikuwa akikaa uani mchana na ungo, anapepeta dagaa waliokwisha kupepetwa, anauinua ungo karibu na uso, anauteremsha. Aliomba miwani ya jirani ajaribu. Siku moja baada ya chakula akanisogezea ungo.

"Nitazamie, mwanangu. Wewe macho yako mazima. Hawa wana kitu?"

Nilichukua ungo. Nikachota kiganjani, nikachekecha polepole, nikapuliza. Vumbi lilibaki kwenye mistari ya kiganja changu, jembamba, la rangi ninayoijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Ningeweza kulitambua kwenye giza.

"Hawana kitu, mama," nikasema. Nikajifuta kiganja kwenye suruali.

Alishukuru Mungu. Alisema alishaanza kufikiri ni uzee kweli. Niliona mabega yake yakishuka, na nikahisi, aibu yangu, kwamba nimemfanyia wema.

Ijumaa iliyofuata nilipita sokoni baada ya swala kumsaidia kubeba. Yule mama wa Gungu alikuwepo, na safari hii hakuwa na utani. Wateja wake wamemkimbia, alisema, mmoja ametapika mbele za watu, na yeye hatanunua tena mpaka aambiwe dagaa hawa wanaanikwa wapi. Watu walisimama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akainuka. Akamwambia hawa dagaa wameanikwa juu ya nyavu, kwenye mchanga wa mtoni, mahali pamezungushiwa ukuta, hata kuku hapiti, na kwamba wametazamwa na macho mazima ya mwanawe aliyesoma.

"Wallahi hawana kitu," mama akasema. "Na kama wana kitu, Mungu asinipe riziki tena katika soko hili."

Watu walimjua. Hakuwa mtu wa kuapa. Yule mama wa Gungu akainamisha uso, akasema basi, dada, yaishe. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma, na kiroba begani, natazama vidole vya miguu yangu.

Siku hiyo sikusema. Nilibeba kiroba mpaka nyumbani. Njiani mama akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kulitaja jina la Mungu juu ya biashara.

Nilimwambia asubuhi yake, kwenye kitanda, kabla hajateremsha beseni kichwani.

"Mama, usianike leo."

Aliangalia juu. "Mvua?"

"Hapana. Hiki kitanda kilishawekwa tope."

"Tope gani?"

"La kromu. Lile la kiwanda."

Akateremsha beseni taratibu, akaliweka ukutani. Akauliza ni lini. Nikamwambia Idd, alipokuwa Kasulu. Nikaanza kumweleza kwamba nilikwangua, kwamba niliongeza mchanga mpya, vidole vinne, na mkono wangu ukawa unamwonyesha unene wa vidole vinne. Akautazama ule mkono.

"Nilipokupa ungo uangalie," alisema, "uliona?"

"Niliona."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua, mama."

Alikaa kwenye ukuta wa tofali. Nilitegemea ahamie Kiha, kama afanyavyo akikasirika, maana Kiha chake cha hasira hakina huruma na mtu hukisikiliza akiwa amejiandaa. Hakuhama. Alibaki kwenye Kiswahili, kile cha kuongea na wageni.

"Umeniapisha," alisema.

Mlinzi, ambaye hakuwa ametusikia, alitupigia salamu ya Kiha kutoka getini, mwakeye, na mama akamwitikia vizuri tu.

Mwaga dagaa wale, aliniambia, na usimwage kijitoni. Nikawamwaga kwenye shimo la zege, pamoja na lile tope.

Alikwenda kwa shekhe. Shekhe alimwambia hana dhambi, aliapa akiamini, dhambi ni ya aliyejua. Pamoja na hayo alifunga siku tatu. Mimi nilikuwa nakula mchana katika siku hizo tatu, kwenye banda la chakula karibu na kiwanda, nikimaliza sahani. Sijui kwa nini nalikumbuka hilo zaidi ya mengine.

Kiwandani nilimweleza mtaalamu anayekuja kuchukua maji ya kupima. Ni kijana mpole. Alinieleza kwamba kromu ya aina ile, kwa kiasi kile, huenda isimdhuru mtu kwa haraka, ila si chakula, haipaswi kuliwa tena, na yeye hawezi kuniandikia kwamba ni salama. Vitanda vikazungushiwa waya na ubao wa onyo. Kazi sikufukuzwa. Msimamizi alisema hakuna mwingine anayejua chokaa. Niliposikia hivyo nilishukuru, halafu nikaona aibu ya kushukuru.

Siku ya nne, alipomaliza kufunga, mama aliniambia nivae, tunatoka. Tulikwenda kwa wateja wake, mmoja mmoja, kwa miguu. Kwa wa kwanza alisema tu, "Mwanangu ana neno," akasogea pembeni. Nikasema kwamba mchanga wa kuanikia haukuwa mzuri sana, kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu.

"Sema ulivyoniambia mimi," mama alisema.

Nikasema. Kwamba dagaa walianikwa juu ya tope la kiwanda cha ngozi. Kwamba lina dawa. Kwamba mama hakujua na mimi nilijua. Ni maneno machache sana. Nilikuwa nimeongea karibu saa nzima kwenye mkutano wa mtaa bila kukwama, na haya nilikuwa nayatoa kama mtu anayetema mifupa. Nyumba ya pili nikayasema tena, na ya tatu. Hayakuzoeleka.

Yule mama wa Gungu alitusikiliza akiwa ameshika mwiko. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Na wale waliokula?"

Nikaanza na maneno ya mtaalamu, huenda, kwa kiasi kile, kwa haraka. Akanikatisha.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Akarudi kwenye sufuria yake. Mama alisema, nisamehe dada, nilikuapia. Yule mama akajibu bila kugeuka, wewe dada nilishakusamehe pale pale sokoni. Mimi hakunitaja.

Nilidhani kusema ukweli kungerudisha jina la mama. Nadhani hata yeye alidhani hivyo kidogo. Sokoni hakuna aliyemcheka tena, na hilo ndilo lililommaliza. Walimwonea huruma. Wale wa meza za jirani walikuwa wa kwanza kumpa pole, wakamletea chai, wakamwambia watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Alianika dagaa wapya juu ya bati la jikoni, kidogo, wasafi kabisa, na wateja waliposogea walimsalimia kwa upole, shikamoo mama, hujambo mama, wakauliza afya, wakanunua meza ya pili. Nani angemlaumu mtu kwa hilo? Alikaa mpaka adhuhuri wiki mbili nzima, dagaa wale wale mbele yake. Siku moja akaniambia kwamba alijiapia mwenyewe kukosa riziki katika soko hili, na Mungu amesikia, hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Kuna mwanamke wa Mwamgongo aliyekuwa akimletea dagaa kwa boti siku za nyuma. Huko, kupita Gombe, bado kuna mahali pa kuanika, na hakuna anayejua habari za ngozi. Mama akapanga naye. Ataanika kule kwa jina la yule mwanamke, mzigo utauzwa Kigoma na watu wengine, hatausimamia yeye. Ana miaka sitini na kitu. Safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa Kasulu, kula Idd. Mimi, niliyezunguka nchi hii bila sababu, nilikuwa nimerudi nyumbani kukaa, na yeye ndiye aliyefunga vitu kwenye kiroba.

Nilimsindikiza mpaka mwalo wa Kibirizi. Boti ilikuwa imejaa kreti za soda, mabati, magodoro na watu. Nilimbebea nyavu zake, alizokuwa amezifua mara nyingi mpaka zimekuwa laini kama kanga. Nilimwuliza kama naweza kwenda kumtembelea mwisho wa mwezi.

"Usije kwanza," alisema.

Nikamwuliza mpaka lini. Alikuwa anatafuta pa kuweka mguu kwenye ubao wa kupandia, na kijana wa boti amemshika mkono.

"Ukija utaongea," alisema. "Na wewe, mwanangu, watu wanakuamini."

Hakuna hasira aliyoitia humo. Alisema kama mtu anayekuambia una homa. Akapanda, akakaa juu ya kreti, akajifunika kanga kichwani kwa sababu ya maji yanayoruka, na kabla injini haijawashwa nilimwona ameshaanza kuongea na mwanamke aliyekaa kando yake, anamwonyesha zile nyavu, anamwekea matundu yake karibu na macho ayaone.

Boti ilipogeukia kaskazini nilipanda bodaboda kurudi kiwandani. Dereva aliniuliza nimemsindikiza nani. Nilimwambia mama yangu. Akauliza anakwenda kufanya nini huko, nami nikafungua mdomo, nikaufunga. Tulikwenda hivyo mpaka getini.